Daktari ameshaiona ngozi yangu, kwa nini asinikabidhi dawa ya kupaka hapohapo?

Nesi_wa_Eastlands

Wadau, hamjambo. Uzi huu ni mrefu, mnivumilie, kwa sababu jambo lenyewe naliona kila siku kazini na linaniuma.

Naongelea dawa za kupaka na za matone peke yake: krimu, marhamu, losheni, matone ya macho na ya masikio. Vidonge na sindano tuviache kando. Hoja yangu ni kwamba daktari au afisa wa kliniki aliyemwona mgonjwa aruhusiwe, tena ahimizwe, kumkabidhi dawa hiyo palepale mezani ikiwa imefungwa na ina maandishi yake, badala ya kumpa karatasi akaitafute mtaani.

Angalia kinachotokea kati ya mlango wa kliniki na kemisti. Mgonjwa ana choa mgongoni. Daktari anaandika clotrimazole, krimu ya kuua fangasi, basi. Dukani anaambiwa, "Hiyo imeisha, lakini kuna hii kali zaidi." Baada ya wiki kadhaa anarudi kwetu na tyubu ambayo ukisoma ubavuni ina majina matatu: betamethasone, clotrimazole na gentamicin. Siku za mwanzo mwasho ulipungua, akafurahi, akamsifia jirani. Kilichotuliza mwasho ni betamethasone, ambayo ni steroidi. Inaondoa wekundu huku ikiipunguzia ngozi uwezo wa kupigana na fangasi, kwa hiyo choa kinaendelea kutambaa. Ule mduara wenye kingo zilizoinuka unafifia, na hata daktari mzoefu akikitazama anaweza asikitambue. Nimeshika tyubu za namna hiyo zilizokamuliwa hadi shingoni, na mgonjwa ananiuliza kama anaweza kuongezewa nyingine.

Lakini hilo silo zito zaidi kwangu. Kidonge ukishameza, kazi yako imekwisha. Dawa ya kupaka inategemea mkono wa anayepaka. Karatasi inasema "paka mara mbili kwa siku". Apake kiasi gani, na aishie wapi? Kuna kipimo rahisi ambacho madaktari wa ngozi wa Uingereza walikieleza mwaka 1991 na hadi leo kinatumika: unakamua krimu juu ya kidole cha shahada cha mtu mzima, kuanzia kwenye kunjo la mwisho hadi nchani. Hiyo ni karibu nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole vyake. Tyubu ya gramu 15 ina vipimo kama 30. Mgonjwa akionyeshwa mara moja kwenye kidole chake mwenyewe, ameelewa. Sasa ili nimwonyeshe nahitaji tyubu, na tyubu iko dukani, Tom Mboya Street katikati ya mji.

Kisha kuna upele. Familia ya watu watano, chumba kimoja Mukuru, kitanda kimoja na godoro la chini. Anayeletwa kliniki ni mtoto mmoja, na karatasi inaandikwa kwa jina lake. Lakini upele hauishi mpaka kila mtu wa nyumba ile apake usiku uleule, kuanzia shingoni hadi nyayoni, katikati ya vidole na chini ya kucha, alale nayo, aoge asubuhi, na arudie baada ya wiki moja. Mashuka na nguo za kulalia vifuliwe kwa maji moto. Mama akifika kemisti na pesa za tyubu moja ya permethrin, atanunua moja, atampaka mtoto, na mtoto ataambukizwa tena na ndugu yake anayelala naye. Dawa ingetoka mezani kwetu, tungemuuliza wako wangapi nyumbani kabla hajainuka kwenye kiti.

Karibuni tujadili. Wafamasia pia mje, nataka kuwasikia.

BodaKasarani

Nakuunga mkono mia kwa mia. Nauli ya kwenda kutafuta dawa ya sikio la mtoto ilinizidi bei ya dawa yenyewe. Kemisti ya kwanza hakuna, ya pili hakuna, ya tatu wakataka kunipa ya macho wakisema ni sawa tu.

Famasia_SouthB

Nesi, heshima zako. Mimi ni mfamasia na nitakupinga, ila naomba usinisome kama mtu anayelinda duka lake.

Anayeandika dawa akiwa ndiye anayeiuza, mkono wake unavutwa na faida hata kama moyo wake ni safi. Watu wamelijua hili zamani sana. Huko Ulaya, tangu karne ya 13 mfalme Frederick II alikataza waganga kushirikiana kibiashara na wauza dawa. Korea Kusini madaktari waliuza dawa wenyewe hadi mwaka 2000, serikali ilipotenganisha kazi hizo mbili, na madaktari waligoma kwa sababu pesa nyingi zilikuwa humo. Sitaki Nairobi tujenge kitu ambacho wenzetu walihangaika kukibomoa.

Pia sisi ni jicho la pili. Hebu chukua timolol, matone ya presha ya macho. Watu hudhani tone la jicho linabaki jichoni. Halibaki. Linapitia kwenye tundu dogo la kona ya jicho hadi puani, na kutoka hapo linaingia kwenye damu. Mwenye pumu akitumia timolol anaweza kubanwa kifua vibaya sana. Daktari wa macho mwenye foleni ya watu nje anaweza kusahau kuuliza habari ya pumu. Mimi nikiona mgonjwa huyohuyo ana inhela mkononi, namzuia na nampigia daktari simu. Hilo nimelifanya. Ukiniondoa kwenye njia, nani atauliza?

Na kuna uhifadhi. Latanoprost, matone mengine ya presha ya macho, kabla ya kufunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Kliniki ngapi za Eastlands zina friji ya dawa yenye kipimajoto, isiyowekwa pia maziwa ya chai?

Halafu kuna jambo ambalo wengi wenu mmeliona: vikopo. Vikopo vyeupe visivyo na jina, krimu iliyochanganywa nyuma ya pazia, unaambiwa "hii ni ya daktari mwenyewe". Mgonjwa anapendeza kwa mwezi mmoja, kisha uso unatoa mishipa myekundu na chunusi. Hakuna anayejua ndani kuna nini. Ukifungua mlango huu, vikopo ndivyo vitakavyopita kwanza.

Amina_Eastleigh

Hapo kwa vikopo nataka kuongeza. Nina saluni, na wateja wanakuja na ngozi iliyoharibika wakiwa na aibu hata ya kuvua mtandio. Wengi hawakuanzia vichochoroni. Walianza na krimu ya clobetasol waliyopewa kwa ajili ya kitu kingine kabisa, ikawang'arisha, wakaendelea nayo. Clobetasol ni kati ya steroidi kali kuliko zote za kupaka. Kijikaratasi cha ndani ya boksi kinasema isizidi wiki mbili mfululizo wala gramu 50 kwa wiki, lakini boksi lenyewe mteja hakupewa, alipewa tyubu tupu.

Na usisahau zebaki. Mkataba wa Minamata, ambao Kenya ni mwanachama, ulipiga marufuku krimu za urembo zenye zebaki kupita kiwango kuanzia 2020, na mwaka 2023 wanachama wakakubaliana kuondoa hata hicho kiwango. Pamoja na hayo bado zinapatikana mjini. Kwa hiyo mimi siko upande wa madaktari wala wa kemisti. Niko upande wa boksi lililofungwa. Yeyote atakayenipa dawa, anipe boksi zima, lina karatasi yake, lina tarehe yake.

Nesi_wa_Eastlands

Dada Amina, nakubaliana nawe kwa kila neno. Boksi zima lililofungwa kiwandani liwe sharti la kwanza. Dawa ya kuchanganya chumbani isiguswe.

Shosho_Dagoretti

Watoto wangu, mimi nilifanyiwa mtoto wa jicho. Wakati wa upasuaji nilimsikia daktari akiomba matone, wakafungua chupa mpya, wakanitia. Baadaye nikapewa karatasi ya kununua matone yaleyale. Nikamuuliza nesi ile chupa mliyofungua iko wapi, akaniambia imetupwa, hairuhusiwi kutoka nayo. Nilikuwa na kitambaa jichoni, mjukuu akaniacha kwenye benchi akaenda kuzunguka na karatasi. Alirudi jioni. Mimi siyajui mambo ya sheria, lakini chupa ilifunguliwa kwa ajili yangu na nililipia. Kwa nini itupwe?

Mtafiti_Ngara

Shosho, pole sana, na swali lako si dogo. Marekani wamelijadili hilohilo. Kwenye upasuaji wa macho, chupa yenye matone ya siku nyingi inafunguliwa, yanatumika machache, nyingine inatupwa, na mgonjwa anatumwa kununua kama hiyo. Mwaka 2021 jimbo la Illinois lilipitisha sheria inayomruhusu mgonjwa kwenda nyumbani na sehemu iliyobaki, ikiwa anaihitaji kuendelea na matibabu. Sheria ile inataja wazi ni dawa gani: matone na marhamu ya antibayotiki, ya kutuliza uvimbe, ya kupanua mboni na ya presha ya macho. Imetaja dawa zake, haikufungua mlango wote.

Uingereza nako daktari wa kijijini anaweza kumpa mgonjwa dawa mwenyewe ikiwa mgonjwa anaishi zaidi ya maili moja, kama kilomita 1.6, kutoka famasia. Kigezo chao ni umbali. Nairobi kemisti ziko kila kona, kwa hiyo kigezo hicho hakitufai. Shida yetu ni nani yuko nyuma ya kaunta na anampa mtu kitu gani.

WakiliMtaani

Naona watu wanaongea kana kwamba sheria inakataza. Tuisome kwanza. Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244, haimzuii daktari kumpa mgonjwa wake mwenyewe dawa kwa ajili ya matibabu anayomfanyia. Inachotaka ni dawa iwe na maandishi yanayomtambulisha aliyeitoa na kuwe na kumbukumbu kitabuni. Kuuzia wapita njia ni jambo lingine. Hiyo ni biashara ya famasia, na inahitaji usajili wake chini ya Bodi ya Dawa na Sumu.

Kwa hiyo, Nesi, huhitaji Bunge. Unahitaji kliniki zifuate masharti yaliyoko, na wakaguzi wayasimamie.

Nyongeza: Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa au huduma. Tyubu isiyo na boksi, iliyoandikwa "2x" kwa kalamu, haitimizi hilo, awe ameitoa daktari au mfamasia.

BabaWatatu

Wakili asante. Lakini bei je? Nikiwa mezani kwa daktari, mtoto analia, ananiambia dawa ni elfu moja na mia mbili. Nitamwambia nini? Kemisti naweza kugeuka nikaingia ya jirani. Pale nimeshikwa. Na hospitali za serikali tunaambiwa dawa zipo, ukifika dirishani unaambiwa kanunue nje. SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kadi ninayo, lakini krimu ya mtoto nilinunua kwa pesa yangu.

Nesi_wa_Eastlands

Baba Watatu umegusa penyewe, na Famasia pia, kwa hiyo nitajibu kwa urefu.

Kuhusu pesa. Sitaki daktari apate faida kwenye tyubu. Alipwe kwa kumwona mgonjwa na kumwelekeza; dawa itoke kwa bei ileile iliyonunuliwa, na bei hiyo iandikwe ukutani mgonjwa aione kabla hajaingia. Hata hivyo karatasi apewe, jina la dawa likiwa jina lake halisi na si la kampuni, ili akitaka kwenda kununua kwingine aende bila kuombwa sababu. Anayebaki mezani abaki kwa sababu ameona nafuu. Faida ikiondoka, kile Famasia anachokihofia kinapungua sana. Sisemi kinaisha.

Kuhusu pumu na timolol: nakubali kabisa, na ndiyo maana timolol isiwemo. Sijadai kila tone. Mgonjwa wa presha ya macho atatumia dawa miaka mingi, ana muda wa kupita kwa mfamasia, na anamhitaji. Latanoprost nayo iende na friji yake hukohuko. Ninachodai ni dawa za kozi fupi ambazo kosa lake kubwa hutokea mikononi: krimu za fangasi, permethrin na benzyl benzoate za upele, marhamu ya macho ya tetracycline, hydrocortisone asilimia 1 (steroidi hafifu), dawa ya kidonda cha moto, matone ya sikio. Na matone ya siku za mwanzo baada ya upasuaji, kwa ajili ya kina Shosho. Steroidi kali kama clobetasol zisiwemo. Matone ya macho yenye steroidi nje ya upasuaji yasiwemo kabisa, maana jicho lenye kidonda cha virusi vya malengelenge au cha fangasi likitiwa steroidi linaweza kupotea.

Sasa, Famasia, nikuulize na mimi kwa heshima. Unapozungumzia jicho la pili unajizungumzia wewe, na wewe umesoma. Mara nyingi anayemhudumia mgonjwa wangu saa mbili usiku ni kijana aliyeachiwa duka. Hilo jicho la pili halipo. Mgonjwa anakutana na mtu anayeuliza "una shilingi ngapi?"

Na kuna jambo ambalo kila mtu humu anapaswa kulijua. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu chlorhexidine ya kitovu cha mtoto mchanga. Katika nchi tisa za Afrika watu waliitia machoni, wakadhani ni matone ya macho, kwa sababu chupa zinafanana. Waliumia vibaya, na wengine walipoteza uwezo wa kuona. Dawa ile haikuwa na kasoro, inaokoa watoto. Ilikosa mtu wa kuishika mbele ya mama na kusema: hii ni ya kitovu, isikaribie jicho. Hilo ndilo ninaloliomba lifanyike mezani, dawa ikiwa mkononi.

Famasia_SouthB

Nesi, umenijibu vizuri na sitajifanya sikukusikia. Kuhusu kijana aliyeachiwa duka, ni kweli, na ni aibu ya taaluma yangu. Dawa yake ni kufunga maduka hayo, na ningependa tuanzie hapo. Lakini najua mgonjwa wa leo hawezi kungoja ukaguzi wa mwakani.

Orodha yako fupi naweza kuikubali kwa masharti mawili zaidi. Afrika Kusini daktari anayetaka kutoa dawa lazima awe na leseni ya kutoa dawa, na kabla ya kuipata anasomea. Madaktari walipinga hadi Mahakama ya Katiba, na mwaka 2005 mahakama ikasema serikali ina haki ya kudai leseni hiyo, ingawa ilifuta kanuni zilizoifunga leseni kwenye jengo fulani. Nasi tufanye hivyo. Mafunzo mafupi, leseni ndogo, orodha iliyobandikwa ukutani. Asiye na leseni aandike karatasi.

Sharti la pili, kliniki iwe na mfamasia anayeipitia mara kwa mara: akague tarehe za kuisha, joto la kabati, kitabu. Krimu iliyokaa dirishani inapigwa na jua la mchana hutengana, mafuta yanaogelea juu, na dawa haigawanyiki sawa tena. Daktari hana muda wa kuangalia hayo.

BodaKasarani

Sasa mnaongea lugha moja. Swali la mtu wa kawaida: mtoto wangu ana mashilingi kichwani, orodha yenu ya krimu inatosha?

Famasia_SouthB

Hapana, ndugu yangu, na usinunue krimu nyingine. Choa cha kichwani kimeingia ndani ya nywele hadi shinani, krimu haifiki huko. Kinahitaji dawa ya kumeza, kama griseofulvin, kwa wiki kadhaa, na kipimo chake kinategemea uzito wa mtoto. Mpeleke apimwe. Wembe wa kunyolea, kitana na taulo visishirikiwe nyumbani.

Amina_Eastleigh

Na saluni na vinyozi tuambiwe pia, maana mashine moja inapita vichwa ishirini kwa siku.

Shosho_Dagoretti

Mimi bado nina matone niliyobakisha kwenye kabati. Jicho la pili likiuma niyatumie?

Nesi_wa_Eastlands

Shosho, usiyatumie, tafadhali. Matone mengi ya macho chupa ikishafunguliwa hutupwa baada ya siku 28, kwa sababu vijidudu huingia kila unapoifungua. Na yale ya baada ya upasuaji mara nyingi yana steroidi, hayafai kwa jicho usilojua linaumwa nini. Jicho likiuma au likiwa jekundu baada ya upasuaji, rudi kliniki siku hiyohiyo, usingoje miadi.

Ukipewa matone mapya, mwambie mjukuu hivi: anawe mikono, avute kope ya chini itengeneze kimfuko, atie tone moja tu, mdomo wa chupa usiguse kope. Ufunge jicho polepole, ubonyeze kona ya ndani karibu na pua kwa dakika moja au mbili. Kama kuna dawa ya pili, mngoje dakika tano, la sivyo ya pili itaisukuma ya kwanza nje. Na siku ya kufungua chupa aiandike kwenye lebo.

Famasia_SouthB

Nesi, niandikie faraghani. Nina muundo wa kitabu cha kumbukumbu ninaoutumia kazini: tarehe, jina la mgonjwa, dawa, namba ya bechi, tarehe ya kuisha, kiasi, aliyekabidhi, na safu ya mwisho ambayo mgonjwa anatia sahihi kwamba ameonyeshwa namna ya kutumia. Tuupunguze ukae kwenye ukurasa mmoja, tukaujaribu kwenye kliniki yenu kabla ya kuupeleka kwa Bodi.

Nesi_wa_Eastlands

Nimekuandikia. Kuna mashine ya kutoa nakala hapa jirani, nitaanza na kurasa hamsini.